Jinsi ya Kuupima Mchezo wa Video Unaosifiwa na Wengi

Kabla ya kununua mchezo unaosifiwa kila mahali, tazama video za watu wanaoucheza kwenye mashine kama yako, wala usitegemee matangazo ya watengenezaji. Cyberpunk 2077 ulipotoka Desemba 2020, wengi wenye kompyuta zenye nguvu waliufurahia, ilhali kwenye mashine ya michezo ya PlayStation 4 ulijaa hitilafu hata Sony, watengenezaji wa mashine hiyo, wakauondoa katika duka lao la mtandaoni hadi Juni 2021. Ukishanunua mchezo wako, ucheze kwa saa kadhaa bila kusoma maoni ya wengine, ukiandika kinachokuvutia na kinachokuchosha. Ukichoshwa, sema hivyo bila woga, mradi utaje sababu. Tazama pia tarehe ya kila uhakiki, kwani toleo la 2.0 la Cyberpunk 2077, lililotoka Septemba 2023, liliubadilisha sana mchezo huo.