Somo: Kikuzaji (amplifaya) chenye kelele ndogo cha kupimia umeme ndani ya maji ya Ziwa Nyasa

Michoro mingi ya vipimo vya aina hii imechorwa kwa ajili ya bahari. Ukishuka nayo Matema kama ilivyo, itakuangusha, maana maji ya Nyasa hayapitishi umeme kama ya chumvi. Yajue maji kwanza, chipu baadaye.

Hatua ya 1. Kata elektrodi mbili kutoka waya mmoja wa fedha safi. Zisugue kwa msasa laini, zizamishe kwenye Jik (dawa ya kung'arisha nguo) mpaka ziwe kijivu iliyokoza, suuza. Ziunganishe pamoja, zilaze gizani kwenye maji ya chumvi usiku kucha. Tafadhali usiruke hili: elektrodi zisizolingana huzalisha volteji inayohamahama, na hakuna kikuzaji kitakachoitofautisha na unachopima.

Hatua ya 2. Pima ukinzani kati ya elektrodi hizo zikiwa ziwani. Multimita hutumia umeme wa DC, itakudanganya. Tumia mawimbi madogo ya hezi 1,000 na rezista unayoijua.

Hatua ya 3. Sasa chagua chipu. Chipu ya AD8429 ina kelele (umeme wa ovyo unaozaliwa ndani ya chipu) ya nanovolti 1 kwa mzizi wa hezi, AD620 ina 9, na wengi huishia hapo. Ila kuna kelele ya mkondo: pikoampea 1.5 dhidi ya 0.1. Ukinzani uliopima hatua ya 2 ukiwa omu 10,000, ule mkondo wa AD8429 unakuwa nanovolti 15. Changanya na nanovolti 13 za joto la ukinzani wenyewe (kelele hujumlishwa kwa miraba), unapata karibu 20. AD620 inakupa karibu 16, tena ndiyo yenye namba "mbaya". Baharini, kwenye omu chache, AD8429 inaiacha mbali.

Hatua ya 4. Kwa umeme wa kuendesha chipu, betri mbili za volti 9, basi. Futa fluksi yote ya kulehemu kwa spiriti kabla ya kumwaga epoksi (gundi ya kuzuia maji). Nyaya zifungwe kwenye bomba gumu: waya wa mita 1 ukisogea sentimita 1 kwa sekunde ndani ya usumaku wa dunia, ambao huku kwetu ni karibu mikrotesla 30, unaweza kuzalisha mikrovolti 0.3.

MASWALI

*Mwanachama, Kyela:* Shikamoo mwalimu. Mbona naona hezi 50 za umeme wa gridi hata mbali na ufuko?

*Jibu:* Marahaba. Kwenye maji yenye ukinzani wa omu-mita 50, hezi 50 husafiri kama mita 500 kabla ya kushuka hadi theluthi na ushei. Baharini ni kama mita 35 tu. Anza na ukuzaji wa mara 100 ili kikuzaji kisijae, hezi 50 uziondoe baadaye kwa programu.

*Mwanachama, Iringa:* Mkuu, umeme wa samaki je, nitaunasa?

*Jibu:* Wale wa jamii ya mormiridi (samaki wanaotoa umeme hafifu), ndiyo. Mapigo yao ni mafupi, mara nyingi chini ya milisekunde chache, kwa hiyo kichujio kisikate masafa yaliyo chini ya kilohezi 10, na rekodi angalau sampuli 40,000 kwa sekunde.