Kabla hujamwaga minyoo, jua kiwavi wako analala wapi

Wakulima wa mchicha wa Mwera, Bumbwisudi na Kizimbani hapa Unguja wanaijua hesabu hii. Mboga inavunwa wiki ya tatu au ya nne, na viwavi hawangoji ikomae. Ukipiga sumu siku hizo, lebo inakutaka usubiri siku kadhaa ndipo uvune, lakini mnunuzi wa soko la Mwanakwerekwe anataka mzigo kesho asubuhi. Matokeo yake mboga hukatwa na sumu ikiwa bado majanini, na mlaji hana habari. Hilo linaniuma, na ndiyo sababu naandika kuhusu minyoo wanaoua wadudu. Hawa hawakulazimishi kusubiri ndipo uvune. Ila mtu akiwatumia kwa mtindo ule ule wa kupiga sumu, atakuwa amezika pesa zake ardhini.

Mkulima wa nyanya akisikia minyoo hukumbuka minyoo fundo wanaovimbisha mizizi. Hawa si hao. Minyoo fundo wana mdomo wenye sindano ya kutobolea mzizi. Wauaji wa wadudu hawana sindano hiyo, na mmea hauwahusu. Kwenye lebo utaona majina Steinernema au Heterorhabditis. Mmoja ana urefu wa kama nusu milimita, na huogelea katika utando wa maji ulio baina ya chembe za udongo akitafuta mdudu. Akimpata, humwingia kupitia mdomoni, njia ya haja au matundu ya kupumulia, kisha huachia bakteria aliowabeba tumboni. Bakteria hao ndio wanaoua, kwa kawaida ndani ya siku 1 hadi 3. Minyoo huzaliana ndani ya mzoga, na baada ya wiki moja hadi mbili hutoka kwa maelfu kutafuta viwavi wengine. Binadamu, mbuzi na kuku hawapati madhara.

Kumtumia kiumbe dhidi ya kiumbe si jambo geni visiwani. Wenye minazi wanajua kuwa mnazi wenye chungu maji moto, wale wadudu jamii ya sisimizi, hausumbuliwi sana na wale kunguni wanaofyonza nazi changa. Na mbung'o walitokomezwa Unguja mwaka 1997 baada ya kuachiwa madume waliotasishwa, wakapanda majike yasizae.

Sasa tuje kwenye kiini cha jambo. Minyoo hawa ni viumbe vya udongoni. Jua huwaua, ukavu huwaua, na udongo uliopata moto kupita nyuzi 35 huwamaliza. Kwa hiyo swali la kwanza si unapanda mboga gani, bali kiwavi wako anashinda wapi mchana, na akitaka kugeuka nondo anakwenda wapi.

Sota ndiye wa kuanza naye. Usiku hukata miche ya nyanya na kabichi shinani, na alfajiri hujifukia karibu na shina alilokata. Fukua kwa kidole sentimita chache utamkuta amejikunja, rangi ya udongo, mnene na laini. Huyo anaishi nyumba moja na minyoo. Mwagilia minyoo siku ya kuatika miche au siku moja kabla, na uimwage pale pale miche itakaposimama.

Kiwavi anayefunga majani ya mchicha kwa nyuzi ana mlango mmoja tu wa kumpatia: akishakua, huteremka ardhini kuwa pupa, hatua ya kabla ya kuwa nondo. Kwa hiyo tuta lililovunwa likiwa na viwavi lisiachwe tupu. Lilowanishe, mwaga minyoo, ndipo upande tena, la sivyo nondo watakaotoka humo watataga kwenye mche mpya. Funza anayetoboa matunda ya nyanya naye hugeukia udongoni. Kantangaze, yaani viwavi wanaochimba majani ya nyanya, vilevile: wengi wao huanguka chini wakishamaliza kula jani, na hapo ndipo pa kuwangojea. Anayetoboa bilinganya hujificha kwenye takataka na udongo wa juu, kwa hiyo matunda yaliyotobolewa yakusanywe na kuondolewa konde zima, halafu minyoo imwagwe chini ya mashina. Bila kukusanya matunda hayo, minyoo peke yao hawatakuokoa.

Nondo wa kabichi ni kesi nyingine. Kiwavi wake mdogo wa kijani huzaliwa, hula na hugeuka pupa papo hapo jani lilipo. Kumwaga minyoo chini kwa ajili yake ni kumpa maji ardhi. Utalazimika kupuliza chini ya majani, jua likishazama, pamoja na gundi ya dawa inayochelewesha kukauka, na bado matokeo hayatafikia yale ya udongoni. Kwa kabichi mimi ningeshauri kwanza Bt, dawa itokanayo na bakteria wanaoua viwavi. Kule Rwanda, watafiti walitia minyoo ndani ya jeli na kuiweka kwenye moyo wa mmea wa mahindi dhidi ya viwavijeshi vamizi, na ikaonyesha matumaini. Jeli ile inawahifadhia unyevu wanapokuwa nje ya udongo.

Udongo nao una neno. Kinongo, yaani udongo mwekundu, na kichanga huwapa nafasi ya kutembea, mradi usikauke. Kinamo, yaani udongo mzito wa mfinyanzi, kilichotuama maji huwabana hewa. Kwenye maweni, ambako udongo umekaa kwenye vishimo vya mawe na hukauka haraka, mwaga ndani ya vishimo hivyo tu na ufunike kwa makuti au nyasi. Kipupwe ndio msimu mzuri, udongo umepoa. Wakati wa kaskazi usianze kabla hujawa na uhakika wa maji ya kumwagilia kila siku.

Kipimo cha kawaida ni minyoo 250,000 kwa kila mita moja ya mraba. Pakiti ya milioni 50 basi inatosha mita za mraba 200, ambayo ni matuta mengi ya mchicha. Mwagilia kwanza udongo ulowe. Subiri saa kumi na moja jioni na kuendelea. Toa chujio laini kwenye bomba la mgongoni na kwenye nozeli, maana minyoo hukwama humo. Bomba lililowahi kubeba sumu lioshwe mara kadhaa, na jipya ni bora zaidi. Tikisa bomba unapopuliza, kwani huzama chini upesi. Ukimaliza mwagilia tena kidogo wateremke, na udongo usikauke kwa wiki mbili. Ndoo ya kumwagilia nayo hufaa, ukiikoroga.

Kabla ya yote, hakikisha ulichonunua kiko hai. Tia kidogo katika maji ya vuguvugu kwenye sahani nyeusi, ngoja dakika chache, tazama kwa lenzi penye mwanga. Walio hai hujipinda na kuogelea. Waliokufa wamenyooka kama vipande vya uzi. Wengi wakiwa wamenyooka, rudisha mzigo. Minyoo husafirishwa ndani ya deli lenye barafu, haigusi barafu yenyewe, na nyumbani hukaa friji, kamwe si friza. Kwa kuwa hawadumu, ni busara wakulima wa shehia moja waagize pamoja na wamalize siku hiyo hiyo. Viumbe hai kutoka nje huingia visiwani kwa kibali cha karantini ya mimea, kwa hiyo mwone bibi shamba au bwana shamba wako kabla ya kuagiza.

Siku ya tatu au ya nne fukua tena. Kiwavi aliyeuawa na Heterorhabditis huwa mwekundu kama tofali, wa Steinernema huwa kahawia, wote wamelegea lakini hawanuki uozo. Waache humo humo ardhini, wanazaa. Ukiwakuta viwavi wazima bado wanakata miche, angalia kwanza kama udongo ulikauka, ulowanishe, kisha rudia kumwaga jioni ya siku ya saba.