Kidawa akijivua gamba, mikono naiweka mfukoni

Mama akinipigia simu ya video kutoka Pangani, kabla hata ya salamu huuliza, "Lile dudu lako liko wapi?" Nikimwambia limelala, ndipo tunasalimiana.

Dudu lenyewe ni Kidawa, chatu jike mdogo, wa ile aina inayojikunja duara kama mpira ikiogopa. Asili yao ni kuanzia Senegal mpaka kaskazini mwa Uganda. Yeye anaishi nami Minneapolis, ambako Januari mimi mwenyewe napasuka midomo na visigino kwa sababu hita ya nyumba inakausha hewa yote. Ndipo shida ilipoanzia. Najua tangu CCM walichukue neno mwaka 2011, Mtanzania akisikia "kujivua gamba" anawaza siasa. Hapa nasema gamba lenyewe, la nyoka.

Gamba likivuka vizuri hutoka zima kuanzia mdomoni hadi mkiani, limegeuzwa nje-ndani kama soksi. Majira yangu ya kwanza ya baridi halikutoka hivyo. Lilibambuka vipande vipande kama chokaa ya ukuta wa zamani. Nikaona ukanda unaning'inia shingoni, nikauvuta. Ukatoka na tone la damu, maana ngozi ya chini ilikuwa haijawa tayari kuachana nao. Daktari wa wanyama hakunigombeza, alinionyesha mkia tu. Pete ya gamba kavu ilikuwa imeng'ang'ania nchani. Pete kama hizo zikirundikana, hubana mpaka damu haifiki na ncha inakufa.

Tangu siku hiyo kazi yangu naifanya mapema, kabla gamba halijaanza kutoka.

Dalili ya kwanza ni rangi kufifia na tumbo kupata wekundu wa mbali. Kisha macho yanakuwa na ukungu wa buluu, kama maji yaliyotiwa maziwa, kwa sababu kuna majimaji yanayoingia kati ya gamba la zamani na jipya. Siku hizo haoni vizuri, ana hofu, na anaweza kukurukia bure. Usimshikeshike, na akikataa panya usimlazimishe. Baada ya siku kadhaa macho yanang'aa tena. Hapo wageni wa kazi hii hudhani mambo yamekwisha, wanaacha kuweka unyevu. Bado! Gamba hutoka siku tatu, nne au zaidi baada ya macho kung'aa, na siku hizo ndizo anahitaji unyevu kuliko zote.

Nunua kipimo cha unyevu, usikisie kwa pua. Kwa chatu wa aina hii, siku za kawaida nataka kisome kati ya asilimia 55 na 65, na akianza kufifia napandisha mpaka 70 au zaidi kidogo. Baridi ile ya kwanza, nilipokuja kupima, tangi analoishi lilikuwa halifiki 30.

Sakafu ya tangi nimetandaza makumbi. Ndiyo, makumbi ya nazi, yale tunayochochea moto kwetu. Huku nayanunua kwa dola, yameshindiliwa kama tofali. Maji nayamimina kwenye pembe, yashuke chini, juu pabaki pakavu. Nyoka akilalia majimaji mfululizo, magamba ya tumbo yanaoza, na hewa nzito isiyotembea humletea maradhi ya mapafu. Wavu wa juu naufunika sehemu kubwa kwa foili, naacha nafasi ya kupumulia.

Kilichobadilisha mambo hasa ni pango la unyevu. Nilichukua kontena la plastiki lenye mfuniko, nikatoboa tundu la kumpitisha hata akiwa ameshiba, nikasugua kingo kwa msasa zisimkate. Ndani naweka taulo lililoloweshwa na kukamuliwa kama tui la mwisho, lisibaki hata tone. Kontena naliweka karibu na upande wa joto, lakini si juu yake. Taulo nabadilisha kila baada ya siku mbili, ukungu usiote. Kidawa huingia mwenyewe akihitaji, hutoka akichoka.

Pia awe na bakuli la maji la kumtosha kujikunja ndani, na kitu cha kukwaruzia pua ili gamba lianze kufunguka. Mimi nimeweka gome la mti. Jiwe lisilo na makali linafaa.

Likishatoka, usilitupe. Lilowanishe, ulinyooshe, ukague vitu viwili: ncha ya mkia na macho. Nyoka hana kope, ana kigamba kiangavu kama kioo cha miwani juu ya kila jicho, nacho hutoka pamoja na gamba. Lazima uvione vyote viwili.

Vipande vikibaki mwilini, muweke kwenye beseni la maji vuguvugu, kama nyuzi 28 hivi, kina kisizidi nusu ya unene wake, kwa dakika 20. Usiondoke hapo. Kisha mwache apite polepole katikati ya taulo bichi uliloshika kwa mkono, atajisugua mwenyewe. Kisichotoka leo, rudia kesho. Kigamba cha jicho kikibaki, usiguse kwa kibano wala kucha. Ongeza unyevu usubiri zamu ijayo. Kikigoma tena, mpeleke kwa daktari. Na mafuta ya nazi yaache jikoni.

Kama unyevu uko sawa na bado gamba linakatika kila mara, tazama bakuli lake. Vidoti vyeusi vinavyoelea huenda ni utitiri, na huo unataka dawa, taulo halitasaidia.

Juzi Kidawa kalivua usiku nikiwa kazini. Zima, macho yote mawili, mpaka ncha. Nimelibandika kwenye mlango wa friji, na sasa mama akipiga ananiambia nigeuzie kamera ukutani.