Somo: Kujaza jedwali la mawazo

Hili ndilo zoezi linalotumika sana katika tiba ya utambuzi na tabia, yaani tiba ya mazungumzo inayomfundisha mtu kuyapima mawazo yanayomuumiza. Gawa ukurasa wa daftari safu saba.

1. Tukio. Andika kile tu ambacho kamera ingekinasa: "Saa 4 nimemtumia bosi meseji, tiki zimekuwa za bluu, hajajibu." "Bosi amenidharau" halikai hapa, hilo tayari ni wazo.

2. Hisia, kila moja na alama, 0 hadi 100. Hofu 80, aibu 40.

3. Wazo. Wengi hukwama hapa. Aaron Beck, aliyeianzisha tiba hii Marekani miaka ya 1960, aliona kwamba mawazo haya hujitokeza yenyewe na kupita upesi, na mtu huyaamini bila kuyahoji. Mara nyingi huja kama swali: "Mbona hajibu?" Swali huwezi kulipima. Andika jibu unaloliogopa: "Atanifukuza kazi." Yakiwa mengi, zungushia duara linalouma zaidi, ushughulike na hilo tu.

4. Ushahidi wa kuliunga mkono. Usiuruke, la sivyo baadaye moyo utagoma kuliamini wazo jipya. "Najisikia vibaya" si ushahidi. "Wiki jana aliilalamikia ripoti yangu" ni ushahidi.

5. Ushahidi wa kulipinga: "Ijumaa amenipangia kazi za mwezi ujao."

6. Wazo jipya, lenye pande zote mbili: "Ripoti haikumridhisha, ila kutojibu meseji hakuonyeshi kwamba nafukuzwa." "Kila kitu kitakuwa sawa" ni kujifariji tu.

7. Pima hisia tena. Hofu ikitoka 80 hadi 50, zoezi limefanya kazi. Usisubiri sifuri.

MASWALI

Asante mwalimu. Mbona nimejaza zote na hofu bado 80?
– Huenda hujalifikia wazo lenyewe. Jiulize: nikifukuzwa kweli, hiyo inasema nini juu yangu? Pengine chini yake kuna "mimi sifai kitu". Jaza upya na hilo.

Na kama wazo ni la kweli, barua ya kufukuzwa ninayo mkononi?
– Basi achana na jedwali, ndugu. Orodhesha hatua za kuchukua, uanze na ndogo kesho asubuhi.

Nijaze hasira ikiwa juu kabisa?
– Andika tukio na wazo tu, kabla hujasahau. Ushahidi subiri utulie, ila siku isipite.

Mwenye sonona kali, ule ugonjwa wa huzuni nzito, anaweza kujitibu hivi?
– Peke yake, hapana. Afanye na mtaalamu. Akiwa na mawazo ya kujiua, asiachwe peke yake, apelekwe hospitali leo hii.