Jirani Akilala Kitandani: Jinsi Jumuiya Inavyoweza Kumuuguza

Mtume Yakobo anawakemea wanaomwambia mwenye njaa "Enendeni zenu kwa amani, mkaote moto na kushiba", halafu wasimpe kitu. Ziara nyingi za wagonjwa huishia hapo hapo: watu kumi na watano chumbani, nyimbo tatu, sala ndefu, soda na mkate, kisha mke wa mgonjwa anabaki na ndoo tupu na shuka za kufua. Jumuiya ya kaya kumi ikijipanga inaweza kufanya zaidi ya hayo.

Kwanza watumwe wawili tu wakazungumze na anayeuguza. Wasiulize "mnahitaji nini?", maana atajibu "tunashukuru, mtuombee". Waulize mambo yenye majibu: maji anachota nani, usiku nani anaamka, dawa zimebaki za siku ngapi, yeye mwenyewe mara ya mwisho kulala usiku mzima ilikuwa lini. Majibu yaandikwe kwenye daftari la jumuiya.

Kisha pangeni zamu. Msamaria wa mfano wa Yesu alifunga majeraha ya mtu aliyepigwa na wanyang'anyi, lakini pia alimwachia mwenye nyumba ya wageni dinari mbili na kuahidi kulipa zaidi atakaporudi. Aliiwazia na kesho ya yule mtu. Zamu nyingi hufa wiki ya tatu kwa sababu wote hufurika Jumapili baada ya ibada, Jumatano haji mtu. Kila kaya ipewe siku yake na kazi moja: maji, kufua, chakula, au kukaa na mgonjwa kwa muda wa saa tatu au nne ili anayeuguza alale au aende sokoni. Hiyo ya mwisho husahaulika, na mara nyingi ndiyo inayohitajika kuliko zote.

Anayekaa na mgonjwa asiyeweza kujigeuza ajue kazi yake. Mgonjwa ageuzwe kila baada ya saa mbili: chali, ubavu wa kulia, ubavu wa kushoto. Msimburute, kwa sababu msuguano huchubua ngozi. Watu wawili washike shuka iliyo chini yake, pande zote mbili, wamnyanyue kidogo ndipo wamsogeze. Akilala ubavu, wekeni mto katikati ya magoti. Kila mnapomgeuza, tazameni visigino, nyonga, viwiko na pale chini ya kiuno juu ya makalio. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani kirahisi, kwa hiyo pitisheni mkono: sehemu yenye joto kuliko pembeni, iliyokaza au iliyobadilika rangi ni kidonda kinachoanza. Msiisugue wala kuikanda. Mwondoleeni uzito hapo na mumwite mhudumu wa afya.

Kumwogesha kufanywe na mtu wa jinsia yake, au ndugu, mlango umefungwa. Wakati wa kula, mwinueni aketi wima, apewe vijiko vidogo, na abaki ameinuliwa kama nusu saa. Akikohoa kila anapomeza, acheni kumlisha na muulize zahanati, kwani chakula kinaweza kuingia kwenye mapafu. Kabla ya kuleta uji wenye sukari, ulizeni kama ana kisukari.

Fedha zitiwe kwenye bahasha na zikabidhiwe kwa anayeuguza, bila kutangaza majina kanisani na bila picha za simu. Sala iwe fupi, kwa ridhaa ya mgonjwa. Asitokee mtu wa kumwambia aache dawa kwa kuwa ameombewa; mwenyekiti amzuie hapo hapo, hata kama ni mzee wa kanisa.

Jirani akiwa Mwislamu, au hana dini, zamu ni ile ile. Ulizeni familia chakula gani wanakula na saa za swala, mzipishe. Wala msitumie ndoo ya maji kumvuta aje kanisani.

Akifariki, msifute zamu siku ya mazishi. Wageni wakishaondoka na turubai kushushwa, kaya mbili ziendelee kufika kila wiki kwa miezi mitatu hivi, mkiangalia hasa ada za watoto na kodi ya nyumba.