Una tatizo la tezi ya shingo na unataka kubeba mimba? Zingatia haya kwanza

Pima TSH kabla hujabeba mimba, hiyo ni homoni inayoisukuma tezi ifanye kazi, ikipanda ujue mara nyingi tezi imelegea. Ni damu tu ya mkononi, usisubiri mpaka rovu litokeze maana tezi inaweza kugoma na shingo ikabaki vilevile.

Kama unatumia kabimazoli (dawa ya kutuliza tezi inayofanya kazi kupita kiasi) mwambie dokta mapema, miezi mitatu ya mwanzo inaweza kumletea mtoto kasoro za maumbile so huwa wanakubadilishia. Usiiache kienyeji.

Ukiona mistari miwili wahi wiki hiyohiyo. Mpaka kama wiki ya 12 mtoto anategemea homoni yako, ubongo ndo unajengwa hapo, na wengi wanaotumia levothairoksini (kidonge cha homoni kwa tezi iliyolegea) dozi hupandishwa asilimia 25 mpaka 30. Anapandisha dokta, sio wewe.

Sasa hili la kumeza dawa ndo lilimtesa wifi yangu wa Mbagala. Dawa hakosi hata siku moja lakini TSH inapanda tu, wanaongeza dozi, majibu yanarudi mabaya tena, uso umemvimba, saa nne asubuhi kashalala kwenye kochi, mpaka mumewe akaanza kumwambia wewe dawa unazitupa. Siku nimelala kwao asubuhi namuona anaweka kiganjani kidonge cha tezi na kile cha FEFO (madini chuma na foliki asidi) alichopewa kliniki, anavishushia vyote na chai ya maziwa. We! Madini chuma yanaikamata ile dawa tumboni haiingii kwenye damu vizuri, kalsiamu nayo hivyohivyo. Na kliniki walimwambia meza kila siku basi, hakuna aliyemuuliza mama una dawa gani nyingine, hapo ndo huwa nachemka. Dawa ya tezi unameza alfajiri na maji matupu, chai baada ya nusu saa mpaka saa zima, FEFO isubiri si chini ya masaa manne. Yeye akaihamishia usiku, kipimo kilichofuata kikaanza kushuka. FEFO yenyewe usiache jamani, damu unaihitaji.

Rudia kipimo kila wiki nne mpaka katikati ya mimba. Homoni ikiwa chini bila matibabu mimba inaweza kuharibika, au upate kifafa cha mimba, au ujifungue njiti.

Chumvi iwe ya madini joto na uifunike. Unga wa mwani wanaowauzia wajawazito achana nao, madini joto yakizidi nayo yanaivuruga tezi. Ukijifungua dozi inaangaliwa upya, rudi kupima baada ya wiki 6, na dawa ya jirani usiazime hata kama boksi linafanana.