Kibali Kwanza, Nyasi Bandia Baadaye
Usiagize nyasi bandia kabla kamati ya chama cha wamiliki wa nyumba, kile kinachoweka kanuni za nyumba za mtaa wenu, haijakupa kibali cha maandishi, kwa kuwa kauli ya mdomo ya jirani aliyemo kwenye kamati haitakusaidia siku utakapoamriwa kuzing'oa. Huko California, sheria ya mwaka 2015 inavizuia vyama hivyo kupiga marufuku nyasi bandia, ingawa masharti ya mwonekano bado yanaweza kuwekwa. Ambatanisha na ombi lako mchoro unaoonyesha maji ya mvua yatapita wapi, pamoja na kipande halisi cha nyasi hizo, ikiwezekana chenye nyuzi za kahawia zilizochanganywa chini, maana kile cha kijani cha kung'aa hata mimi ningekikataa.